Hisa za bei ya kutupwa: kampuni ikifungwa leo, mwenye hisa anabakiwa na nini?

#1 | Mwanzisha uzi

Wakuu, salamu.

Kuna hisa ambazo wengi wetu tukiziona tunazikimbia. Kampuni imekula hasara miaka miwili mitatu mfululizo, gawio limefutwa, wachambuzi wameacha kuiandika, na bei imeporomoka kiasi kwamba ukizidisha bei kwa idadi ya hisa zote unapata kiasi kidogo kuliko fedha na bidhaa zilizomo ndani ya kampuni yenyewe. Nataka tuzijadili hizo, hasa namna ya kuzipima.

Hisa ya kampuni yenye afya tunaipima kwa faida. Kampuni isiyo na faida haipimiki hivyo, kwa hiyo swali linageuka: shughuli zikisimama leo, kila kitu kikauzwa, kila anayedai akalipwa chake, mwenye hisa ya kawaida atabakiwa na nini? Gawanya jibu kwa idadi ya hisa, hiyo ndiyo thamani ya kufunga. Bei ya sokoni ikiwa chini sana ya hapo, una jambo la kuchunguza. Nasema kuchunguza, kununua bado.

Aliyeipa njia hii umbo ni Benjamin Graham. Mwaka 1932, soko la Marekani likiwa bado chali baada ya mporomoko wa 1929, aliandika kwenye jarida la Forbes kwamba katika kampuni 600 za viwanda zilizoorodheshwa New York, zaidi ya 200 zilikuwa zinauzwa chini ya mali zao za muda mfupi baada ya kutoa madeni yote. Yaani moja katika kila tatu, soko lilikuwa linasema ni heri ife kuliko iendelee kuishi.

Kanuni yake ya mkato: chukua fedha taslimu, fedha zilizo kwa wadaiwa na bidhaa za ghalani. Toa madeni YOTE, ya karibuni na ya mbali, pamoja na hisa za upendeleo (zile zinazolipwa kabla ya hisa za kawaida). Majengo na mitambo vihesabu sifuri. Kinachobaki, usilipe zaidi ya theluthi mbili yake.

Anayetaka hesabu kamili anashuka mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni, mstari kwa mstari. Graham alitoa viwango: fedha taslimu 100%, wadaiwa 75 hadi 90, bidhaa 50 hadi 75, mali za kudumu popote kati ya 1 na 50, yeye akikadiria 15 hivi.

Mfano ulioandikwa wazi kuliko yote ninayoijua ni Dempster Mill, kiwanda cha vinu vya upepo na zana za kilimo kule Beatrice, Nebraska. Warren Buffett, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wa Graham, aliieleza kwenye barua kwa wabia wake. Alichukua mizania ya mwisho wa mwaka wa hesabu 1961 na kuipunguza hivi. Fedha taslimu, dola 166,000, aliziacha kama zilivyo. Wadaiwa, 1,040,000, aliwapa 85%. Bidhaa za ghalani, 4,203,000, akazipa 60% tu. Gharama zilizolipiwa mapema, 25%. Majengo na mitambo iliyoandikwa 1,383,000 akaiwekea 800,000, kadirio la mnadani. Mali zote zikashuka kutoka 6,919,000 hadi kama 4,438,000. Kisha akatoa madeni, 2,318,000, bila kuyapunguza hata senti. Ikabaki 2,120,000 kwa hisa 60,146, sawa na dola 35.25 kwa hisa. Vitabu vilisema zaidi ya dola 76. Buffett na wabia wake walikuwa wamenunua kwa wastani wa dola 28 hivi.

Naomba mtulie hapo kidogo, maana ndipo wengi wanapopapita haraka. Mali zilikatwa kama 36%. Fungu la mwenye hisa lilikatwa 54%. Mali zinasinyaa siku ya kufunga, madeni hayasinyai. Kampuni yenye madeni mengi inaweza kuonekana rahisi kwa kigezo cha thamani ya vitabu (mali kutoa madeni, kama zilivyoandikwa), halafu ukakata 20% tu ya mali na mwenye hisa akabaki mikono mitupu. Ndiyo maana mimi nikifungua mizania huanzia upande wa madeni.

#2 | Mdau

Mkuu, shukrani, naweka kambi hapa. Swali langu: wakaguzi wa hesabu tayari wanalazimisha bidhaa ziandikwe kwa gharama au kwa thamani ya kuuzika, ile iliyo ndogo. Sasa kwa nini tukate tena 40%? Huoni kwamba tunaadhibu kampuni mara mbili kwa kosa moja?

#3 | Mwanzisha uzi

Swali zuri sana. Thamani ya kuuzika iliyoko vitabuni inachukulia kwamba kampuni inaendelea: wauzaji wako kazini, mteja anajua akirudi mwezi ujao atapata vipuri, dhamana ya bidhaa inaheshimiwa. Tangaza kufunga, yote hayo yanatoweka. Mnunuzi anajua huna pa kwenda, na kila wiki unayokaa na mzigo unalipia ghala.

Halafu bidhaa hazifanani. Fungua maelezo ya mizania, mara nyingi zimegawanywa mafungu matatu. Malighafi kama shaba, chuma au pamba zina bei ya dunia. Hizo unaweza kuzipa asilimia kubwa. Bidhaa zilizokamilika zinategemea ni nini: boliti za vipimo vya kawaida zitauzika, nguo za msimu uliopita zitakuumiza. Zilizo nusu njiani, ambazo hazijakamilika, ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu anayeweza kuzimalizia ni yule yule anayefunga. Kampuni mbili zenye bidhaa za kiasi kilekile zinaweza kutofautiana mno, na asilimia 60 ya kukariri haitakuonyesha.

Kuna upande wa pili pia. Marekani kampuni zinaruhusiwa kuhesabu bidhaa kwa mtindo wa mwisho kuingia, wa kwanza kutoka, yaani zilizonunuliwa mwisho zinahesabiwa kuwa ndizo zimeuzwa kwanza. Matokeo yake bidhaa zinaweza kukaa vitabuni kwa bei za miaka mingi nyuma, na tofauti huandikwa kwenye maelezo. Hapo vitabu vinapunja. Viwango vya kimataifa vya uhasibu haviruhusu mtindo huo, kwa hiyo nje ya Marekani usipoteze muda kuitafuta.

Ila kama kuna mstari wa kuuogopa kuliko bidhaa, ni mitambo. Kiwanda cha nguo cha Berkshire Hathaway kilipofungwa mwaka 1985, mitambo yake ilikuwa imegharimu kama dola milioni 13. Vitabuni, baada ya kutoa uchakavu, ilibaki 866,000. Kuinunua upya kungehitaji dola milioni 30 hadi 50. Mnadani ikaleta 163,122 kwa jumla, na ukiondoa gharama za kuuza, waliambulia chini ya sifuri. Mashine za kufumia walizonunua kwa dola 5,000 moja mwaka 1981 hazikupata mnunuzi hata kwa dola 50. Mwishoni zilikwenda kama chuma chakavu kwa dola 26 moja, hela isiyotosha hata kuzing'oa.

Mnunuzi wa mashine ya kufumia ni mwenye kiwanda cha nguo, na wenye viwanda vya nguo wote walikuwa wanazama pamoja. Kwa hiyo kabla ya kuweka asilimia yoyote kwenye mitambo, jiulize nani mwingine anaihitaji, na yeye ana hali gani. Lori, forklifti, jenereta, hivyo vina wanunuzi kwenye kila aina ya biashara. Mtambo uliotengenezwa kwa kazi moja mimi naupa sifuri.

#4 | Mdau mwingine (mhasibu)

Nimefanya kazi upande wa hesabu, naomba nichangie yale yasiyoonekana haraka, maana uzi umekaa vizuri upande wa mali.

Kwanza foleni ya walipwaji. Utaratibu wa sheria unatofautiana nchi na nchi, lakini umbo ni hili: wenye rehani wanachukua mali walizowekewa rehani, mfilisi, yaani msimamizi wa kufunga kampuni, analipwa gharama zake, wafanyakazi na kodi wana nafasi yao ya mbele kwa kiwango ambacho sheria imetaja, ndipo waje wadai wasio na dhamana, kisha hisa za upendeleo. Mwenye hisa ya kawaida ni wa mwisho kabisa. Ukiona fedha nyingi kwenye mizania, angalia kwanza kama hazijafungwa kama dhamana ya mkopo.

Pili, madeni yanayozaliwa na kitendo chenyewe cha kufunga. Hayamo kwenye mizania leo kwa sababu kampuni haijafunga. Malipo ya kuachisha watu kazi. Faini za kuvunja mikataba ya ugavi. Kusafisha ardhi iliyochafuliwa na kiwanda. Pengo la mfuko wa pensheni, ambalo hukua likipimwa kwa bei ya kumkabidhi mtu mwingine hiyo dhima.

Tatu, pango. Kabla ya 2019 kampuni ya maduka ingeweza kuwa na mikataba ya pango ya miaka kumi isiyoonekana kabisa kwenye mizania, ilikuwa inatajwa kwenye maelezo tu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu pango, IFRS 16, kilichoanza Januari 2019 kimeileta mingi ndani kama deni. Ila upande wa mali nako kumeandikwa "haki ya kutumia" jengo. Siku ya kufunga haki hiyo kwa kawaida haiuziki, deni linabaki. Ifute mali hiyo, acha deni.

Nne, mali ya kodi iliyoahirishwa. Ni haki ya kupunguziwa kodi ukipata faida baadaye. Kampuni inayofungwa haitapata faida. Sifuri. Vivyo hivyo ile thamani ya jina inayoandikwa kampuni inaponunua nyingine kwa bei kubwa kuliko mali zake: sifuri.

Na la tano, ambalo nimeona watu wazoefu wakilikosea: mizania ya kundi inajumlisha fedha za kampuni tanzu zote, yaani zile zinazodhibitiwa na kampuni mama. Kama tanzu inamilikiwa 60% tu, 40% ya zile fedha si za wanahisa wako. Na madeni ya kampuni mama hayalipwi kwa fedha za tanzu mpaka wadai wa tanzu wamalizwe kwanza. Soma mizania ya kampuni mama peke yake kama ipo.

#5 | Mdau wa tatu

Nimewasoma wote kwa makini, na hesabu sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni huu: nani atafunga hiyo kampuni? Mimi na wewe tuna hisa mia tano. Mkurugenzi ana mshahara, gari na ofisi. Atafunga ajira yake mwenyewe ili sisi tupate chetu? Hiyo thamani ipo kwenye karatasi, na kila mwaka kampuni inaitafuna. Kwangu mimi kampuni inayopata hasara ni barafu juani. Unaweza kuipima kwa usahihi wa gramu, kesho haipo.

#6 | Mwanzisha uzi

Mkuu #5, umegusa penyewe. Sitakupinga, nitaingiza hoja yako kwenye hesabu.

Tuseme thamani ya kufunga ni 100 kwa hisa na bei ni 60. Ukipokea 100 baada ya miaka mitatu, umepata kama 18.6% kwa mwaka. Safi sana. Sasa kampuni hiyohiyo ipoteze 12 kwa hisa kila mwaka. Baada ya miaka mitatu imebaki 64. Umepata 2.2% kwa mwaka, na umelala macho muda wote huo. Kwa hiyo namba ya 100 peke yake haijakuambia kitu. Zinatakiwa namba tatu: kilichopo leo, kinacholiwa kwa mwaka, na miaka ya kusubiri. Ya tatu hakuna anayeijua, ndiyo maana ya pili lazima iwe ndogo. Mimi huipima kwa fedha zinazotoka kwenye shughuli, siyo kwa hasara iliyoripotiwa, kwa sababu hasara inaweza kuwa ni uchakavu mtupu ambao hautoi fedha mfukoni.

Kuhusu nani atafunga: mara chache sana ni kufunga kweli. Kinacholeta fedha ni mtu mwenye nguvu ya kupiga kura kulazimisha kilicholala kiamke. Graham mwenyewe alilipata hilo kwa tabu. Mwaka 1926 alikuwa akipekua mafaili ya tume ya serikali ya Marekani iliyosimamia usafirishaji kati ya majimbo, akakuta kwamba Northern Pipeline, kampuni ya mabomba ya mafuta, moja ya zile zilizozaliwa kampuni kubwa ya mafuta ya Standard Oil ilipovunjwa mwaka 1911, ilikuwa na hati za madeni za kampuni za reli na hati nyingine za uwekezaji zenye thamani ya kama dola 95 kwa kila hisa. Hisa ilikuwa inauzwa 65. Akawaendea wakubwa, akawaambia hizi fedha biashara ya mabomba haizihitaji, warudishieni wenyewe. Wakamkatalia. Akaenda kwenye mkutano mkuu wa mwaka uliofuata, akasimama kutoa hoja, ikakosa hata mtu mmoja wa kuiunga mkono. Akarudi nyumbani, akatumia mwaka mzima kukusanya kura za wanahisa wengine, na mwaka 1928 akaingia na viti kwenye bodi. Hatimaye kampuni ikagawa dola 70 kwa hisa, na bado biashara ilibaki mikononi mwa wanahisa.

Angalieni hapo. Biashara ya mabomba iliendelea, haikuuzwa kama chuma chakavu. Ni fedha za ziada tu zilizoondoka. Dempster nayo haikufungwa. Mwaka 1962 aliletwa meneja mpya, Harry Bottle, akaziuza bidhaa zilizorundikana mpaka zikashuka kutoka dola milioni 4.2 hadi 1.6 ndani ya mwaka mmoja. Fedha zikaenda kulipa madeni na kununua hati za uwekezaji zinazouzika sokoni. Kwa kipimo kilekile kikali, thamani ilitoka 35.25 hadi 51.26 kwa hisa. Mwaka 1963 ikauzwa.

Kwa hiyo swali lako nalibeba hivi: kabla sijanunua nataka kujua kama kuna mwanahisa mkubwa anayeumia pamoja nami. Mfuko, familia, mtu yeyote ambaye utajiri wake uko kwenye hisa siyo kwenye mshahara. Kama wakubwa hawana hisa na hakuna kundi lenye kura za kuwasukuma, nakubaliana nawe moja kwa moja, ni barafu juani.

#7 | Mdau

Mkuu, hizi habari ni za miaka ya 1920 na 1960. Zama hizi kila mtu ana kompyuta inayochuja kampuni kwa dakika. Bado zipo? Na ukizipata unanunua moja kubwa au nyingi kidogokidogo?

#8 | Mwanzisha uzi

Zipo, ila hazikai mahali pamoja. Soko likichangamka zinakuwa chache na mbovu, soko likianguka zinamwagika. Na nyingi ni ndogo mno, mfuko mkubwa hauwezi kuingia bila kupandisha bei yenyewe. Hiyo ndiyo nafasi ya mtu mdogo.

Kuhusu idadi: nyingi. Henry Oppenheimer alichunguza hisa za Marekani zilizokuwa chini ya theluthi mbili ya kipimo kile cha mkato, kati ya 1970 na 1983. Kwa wastani zilileta 29.4% kwa mwaka, wakati kipimo cha soko kwa ujumla kilileta 11.5%. Lakini huo ni wastani wa kapu zima. Ndani ya kapu kuna zilizokufa. Ukiwa na kapu, zilizofufuka zinazifidia zilizokufa. Ukiwa na moja, huna wastani.

Nalisema hili kwa uchungu. Miaka ya nyuma niliweka sehemu kubwa ya akiba yangu kwenye kampuni moja. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, nimeirudia mara nyingi tangu siku ile na sijaona kosa. Fedha taslimu peke yake, baada ya madeni yote, zilizidi bei ya hisa. Miezi minane baadaye wakubwa walizitumia kununua biashara nyingine iliyokuwa ya ndugu wa mmoja wao, kwa bei ambayo hakuna mtu wa nje angeilipa. Mizania ya mwaka uliofuata, mahali palipokuwa na fedha pakaandikwa thamani ya jina. Taarifa za miaka ya nyuma zilionyesha wazi miamala na ndugu na jamaa, ukurasa mzima. Niliupita kwa sababu namba za mbele zilinifurahisha. Siku hizi ukurasa huo nausoma kabla ya mizania yenyewe, na kampuni yenye tabia hiyo siigusi hata iuzwe kwa robo ya fedha zake.

Kitu kingine cha kutazama ni idadi ya hisa kwa miaka mitano. Ikiwa inapanda kila mwaka, wanajilipa kwa kukupunguzia fungu. Ikiwa inashuka kwa sababu kampuni inanunua hisa zake kwa bei iliyo chini ya thamani ya kufunga, kila hisa inayobaki inaongezeka thamani, nawe hujafanya kitu.

Wakati mwingine msukumo unatoka nje kabisa. Machi 2023 soko la hisa la Tokyo lilizitaka kampuni zake za ngazi za juu zieleze mipango ya kutumia mitaji yao vizuri zaidi, jicho likiwa hasa kwa zile zinazouzwa chini ya thamani ya vitabu. Japani ina kampuni nyingi zilizokalia fedha kwa miongo. Mimi ndiko ninakochimba zaidi kwa sasa.

#9 | Mdau wa tatu

Nashukuru kwa #6, umenijibu kiungwana. Moja la mwisho: ardhi. Kuna kampuni ninayoifuatilia, ina kiwanja ilichonunua zamani sana. Vitabuni ni kiasi kidogo mno. Naweza kuihesabu kwa bei ya leo?

#10 | Mwanzisha uzi

Unaweza, kwa masharti. Angalia kwanza inafuata viwango gani. Vya kimataifa vinaruhusu kampuni kupandisha thamani ya ardhi vitabuni, kwa hiyo huenda ongezeko limeshaingia na wewe ukalihesabu mara ya pili. Vya Marekani vinaiacha kwenye gharama ya kununulia, huko ndiko hazina hujificha.

Kisha: imewekwa rehani? Ikiuzwa, kodi ya faida ya mauzo ni kiasi gani? Nani atalipia kubomoa kilichojengwa juu yake? Na kuna udongo uliochafuliwa, kama #4 alivyosema? Chukua bei ya leo iliyothibitishwa na mauzo ya jirani, toa hayo yote, kisha kata tena robo kwa ajili ya muda wa kusubiri mnunuzi. Hiyo robo ni yangu, hakuna kitabu kilichoiandika.

#11 | Mdau wa tatu

Rehani ipo, nimeiona sasa hivi kwenye maelezo ya mikopo, kiwanja chote. Naileta mizania yake hapa jioni tuishushe mstari kwa mstari.

#12 | Mdau mwingine (mhasibu)

Ilete na ya kampuni mama peke yake, siyo ya kundi tu.